Jino la kijivu na harusi ya mfungo mosi: uwekwe taa kliniki au ujifanyie nyumbani?

"Assalamu alaikum daktari. Mimi ni msichana wa miaka 26, nimezaliwa na kukulia Majengo, Mombasa, harusi yangu inshallah ni wiki ya pili ya mfungo mosi, mwezi ule unaofuata Ramadhani. Meno yangu yana umanjano tangu zamani, nadhani ni haya maji ya chumvi ya kisima pamoja na kahawa chungu, manake kwetu kahawa hainywewi kikombe kimoja. Pia jino moja la mbele limeingia kijivu, nilianguka pembea Makadara siku ya Idd nikiwa na miaka 10, haliniumi hata kidogo, na la ubavuni mwake liliwahi kuzibwa. Nikipiga mswaki saa zingine fizi zatoka damu. Kuna kliniki wameniambia elfu 25 wanaeka taa saa moja meno yawa meupe siku hiyo hiyo. Shogangu aniambia nisipoteze pesa, kuna seti ya 2,500 onlaini ina jeli na kitaa cha buluu wajifanyia mwenyewe. Somo wangu anayenifunda kwa harusi yeye asema mkaa na ndimu tu. Nifuate nani? Na nimesikia kuoshwa meno kunalegeza meno, ni kweli? Na kahawa niiache kabisa?"

Waalaykum salaam warahmatullah bibi harusi, na hongera sana. Swali lako nimelisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililisoma kama lilivyokaa, taa au seti, elfu 25 au 2,500. Mara ya pili nikakwama pale kwenye jino la kijivu, manake umelitaja haraka haraka hapo katikati kama kitu kidogo, na mimi naona hilo ndilo swali lenyewe. Ukienda kuwekwa taa kesho, ama ukijifanyia na ile seti kitandani kwako, tuseme vyote vifanye kazi vizuri kabisa bila kasoro, meno yote yatakuwa meupe na lile moja litabaki kijivu vile vile. Sasa hivi limejificha kidogo kwa sababu wenzake nao wamekolea. Wakishang'aa hao, litaonekana kutoka mlangoni. Yaani utakuwa umelipa pesa ili lionekane zaidi, tena wiki ya kupigwa picha.

Kwa hivyo kabla ya kuchagua dawa hebu tujue rangi yenyewe imetoka wapi. Jino kwa juu lina enameli, ngumu kuliko mfupa, lakini inapitisha mwanga kama kile kioo cha bafuni cha ukungu ukungu. Chini yake kuna dentini, na dentini ni ya manjano kwa kila mtu, awe Mzungu awe Mswahili. Umanjano kidogo basi si uchafu, ndiyo rangi ya jino. Jiangalie kwenye kioo utaona chonge zako zimekolea kuliko meno ya mbele, watu wanakuja kwangu wakilia kuwa chonge zimeanza kuoza kumbe hazina neno lolote, ni dentini yake tu ni nene.

Juu ya rangi hiyo ya asili ndiyo yaja madoa. Kuna ya nje, haya ni ya chai, kahawa, tambuu, sigara, shisha, muguka, hata mabuyu ya rangi yale mekundu, na pia dawa za kusukutua zenye klorheksidini mtu akizitumia wiki nyingi. Haya yamekaa juu juu, yamegandia utando wa mate na ukoga. Halafu kuna ya ndani, ambayo rangi imeingia kwenye jino lenyewe. Dawa ya tetrasaiklini aliyopewa mtoto kabla ya miaka 8 hufanya hivyo, na jino lililoumia kama lako. Ya nje hutoka kwa kuoshwa tu. Ya ndani hata ukisugua mpaka Idd ijayo hayatoki.

Na maji ya kisima tuyaache yapumzike, yamesingiziwa mengi. Chumvi haipaki meno rangi. Yanayopaka ni maji yenye floraidi nyingi kupita kiasi, na hiyo zaidi ni habari ya Bonde la Ufa, Nakuru na Naivasha huko, kwenye miamba ya volkano. WHO wameweka kikomo miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima huko vinapita hapo mbali sana. Na hata floraidi hiyo huharibu jino likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi, utotoni, kwa hivyo mtu mzima akihamia Naivasha leo meno yake ya mbele hayageuki rangi. Wewe umekulia Majengo, kwa hivyo kwenye orodha ya washukiwa nabaki na kahawa, ukoga, na hilo jino lililoanguka pembeani.

Sasa ukoga, manake fizi zinazotoka damu ukipiga mswaki zinaniambia ukoga upo. Ukoga mwanzo ni laini, ni utando wa bakteria, mswaki unautoa. Ukiachwa unashika madini ya kwenye mate unakuwa mgumu kama chokaa, na hapo mswaki hauwezi tena, wataka vifaa vya kliniki. Na ukoga ni kama sponji, unanyonya rangi ya kahawa vizuri sana. Hii habari ya kuwa kuoshwa meno kunayalegeza nimeisikia Likoni, nimeisikia Kisauni, nimeisikia hata kwa watu waliosoma, na naelewa ilikotoka. Mtu anakaa miaka 20 bila kuoshwa, ukoga unakula mfupa unaoshika jino polepole bila maumivu, jino limeshalegea zamani lakini limeshikanishwa na wenzake na ule ule ukoga. Siku unatolewa jino linacheza, na lawama inamwangukia daktari. Kilicholegeza ni ukoga wenyewe. Wewe miaka 26, damu kidogo, osha meno usiogope. Siku mbili tatu utahisi nafasi kati ya meno kwa ulimi, na maji baridi yatakushtua kidogo, basi. Na n'takwambia kitu, wengi wanaokuja kwangu wakitaka meno yafanywe meupe, wakishaoshwa wakijitazama kwenye kioo wanasema dokta imetosha hii, wanaenda zao. Huenda nawe ukawa hivyo kwa lile suala la umanjano. Na hata usipokuwa, ni lazima kuoshwa kutangulie, manake dawa ya kung'arisha ikiwekwa juu ya ukoga inang'arisha ukoga, na ikigusa fizi zenye vidonda inachoma.

Somo wako ana mambo mengi ya kukufundisha na mengine mimi sina elimu nayo, lakini kwenye mkaa na ndimu nampinga kwa heshima zote. Ushawahi kula embe mbichi ya chumvi na pilipili pale Lighthouse meno yakaingia ganzi? Hiyo ni asidi inafanya kazi. Enameli huanza kuyeyuka asidi ikifika kipimo cha pH 5.5 hivi kushuka chini, na maji ya ndimu yako kati ya 2 na 3. Kwa hivyo ndimu inalainisha enameli, halafu mkaa unakuja kuikwaruza ikiwa laini, wakishirikiana hao wawili wanafanya kazi ya msasa. Siku za kwanza meno yatang'aa kweli kwa sababu madoa ya juu yametoka, ndiyo maana watu wanasifu. Lakini enameli haina chembe hai, ikilika imelika, haioti tena. Na chini yake kuna nini? Dentini ya manjano. Mtu anasugua meno yawe meupe na kila mwezi anajikaribisha kwenye umanjano, akiona umanjano anaongeza kusugua. Msuaki wa mti sina ugomvi nao, ukiwa laini na usiuchome nao ufizi, huo unatoa doa la juu na ni sunna pia. Ni ndimu ndiyo ibaki kwenye samaki.

Haya, tufike kwenye blichi yenyewe. Taa ya kliniki, jeli ya seti, trei za daktari, zote kinachofanya kazi ndani yake mara nyingi ni kitu kimoja, peroksaidi. Fikiria kanzu nyeupe imemwagikiwa kahawa. Unaweza kuisugua kwa brashi ngumu mpaka uzi ukatike, ama unaweza kuiloweka kwenye dawa ambayo inaingia ndani ya uzi na kuivunja ile rangi bila kugusa kitambaa. Peroksaidi ni chembe ndogo sana, inapita kwenye enameli mpaka kwenye dentini, inazivunja zile chembe kubwa zenye rangi zinakuwa vipande vidogo visivyoonekana. (Nasema mfano wa kanzu, mtu asije akasukutua Jik, wallahi nawajua nyinyi.) Na dawa za meno za zambarau zinazotembea sana siku hizi, hizo ni kama ile buluu mama zetu walikuwa wanatia kwenye maji ya mwisho ya kufulia nguo nyeupe. Buluu haisafishi kanzu, inadanganya jicho lisione umanjano. Zambarau nayo vivyo hivyo, masaa machache, ukila wali imekwenda.

Peroksaidi hiyo hiyo kwa sababu inapita ndani kirahisi, inafika mpaka karibu na mshipa wa jino, ndiyo watu wanapata ganzi, ule mshtuko mkali jino linapogusa kitu baridi au hata upepo wa feri. Kawaida inaisha siku chache ukiacha dawa. Inapunguzwa kwa kupiga mswaki na dawa ya meno yenye potasiamu naitreti wiki mbili kabla ya kuanza na wakati unaendelea. Kwa hiyo ukinunua leo hujakosea.

Ile taa ya elfu 25 sasa. Kliniki inatumia haidrojeni peroksaidi kali, asilimia 25 mpaka 40, ndiyo maana fizi zinafunikwa kwanza kwa utando maalumu, manake ikigusa ufizi unababuka. Wanapaka, wanasubiri, wanafuta, wanapaka tena, inakwenda saa moja saa moja na nusu. Faida yake ni ya kweli, siku moja umemaliza na kuna mtu anakuangalia. Lakini taa yenyewe, ule mwanga wa buluu unaowavutia watu, utafiti haujaonyesha kuwa unaongeza weupe wa kudumu kuliko jeli hiyo hiyo bila taa. Na kuna siri ndogo hapa wateja hawaambiwi. Mdomo ukiwa wazi saa nzima meno yanakauka, na jino kavu linaonekana jeupe kama chaki. Picha ya kabla na baada unayoonyeshwa Instagram imepigwa dakika ile ile mteja anaposhuka kwenye kiti. Siku chache zikipita jino linarudisha maji yake na rangi inarudi nyuma hatua moja mbili. Hawakudanganyi ati, weupe mwingine unabaki, lakini si ule wa kwenye picha. Ganzi nayo huwa kali zaidi kwa njia hii. Mimi mwenyewe naifanya kazi hii kwa wanaoitaka, kwa hivyo siiteti kwa wivu.

Seti ya shogako siwezi kukwambia haifanyi kazi, zingine zinafanya. Tatizo hujui umenunua nini. Moja ina peroksaidi kidogo mno ni kama kupaka maji, nyingine ina kali ambayo hata mimi nisingekupa uende nayo nyumbani. Nchi za Ulaya tangu mwaka 2012 sheria yao inasema bidhaa yenye peroksaidi zaidi ya asilimia 0.1 haiuzwi moja kwa moja kwa mwananchi, kuanzia hapo mpaka asilimia 6 ni kupitia daktari wa meno na si kwa mtoto chini ya miaka 18. Ukiona seti imeandikwa 35 kwa maandishi makubwa soma jina linalofuata, manake kuna haidrojeni peroksaidi na kuna kabamaidi peroksaidi, na hii ya pili ni dhaifu zaidi, asilimia 10 yake inatoa kama 3.5 tu ya ile ya kwanza. Isipoandikwa jina wala kiwango, itupe. Halafu kile kiplastiki chake kimetengenezwa kwa mdomo wa kila mtu, maana yake si mdomo wa mtu yeyote, jeli inavuja inakaa kwenye fizi. Na joto je? Jeli hizi zinataka ubaridi, peroksaidi inachoka ikikaa kwenye joto, sasa iliyopita kwenye kontena, ikakaa stoo, ikapigwa na jua la Mombasa nyuma ya pikipiki ya dilivari, sijui imekufikia na nguvu gani. Kile kitaa ni pambo, kitumie kutafutia viatu umeme ukipotea.

Kuna njia ya tatu ambayo hakuna aliyekutajia, na kwangu ndiyo ya kwanza. Daktari anachukua umbo la meno yako kwa ule udongo laini wa kliniki, anatengeneza trei nyembamba za plastiki zinazokaa kwenye meno yako wewe, halafu anakupa kabamaidi peroksaidi asilimia 10 uende nayo nyumbani. Unatia tone dogo kila jino, unavaa masaa mawili ama usiku kucha kama ulivyoelekezwa, kwa wiki 2 mpaka 3. Njia hii imeandikwa kwenye majarida ya madaktari tangu 1989 kwa hivyo tabia zake tunazijua. Inakwenda polepole, ganzi huwa nyepesi, na mwisho wa safari weupe unafanana na wa taa, ila umetumia wiki badala ya saa. Bei mara nyingi huwa chini ya taa. Na trei zinabaki zako, mwakani kahawa ikirudisha doa lake unanunua jeli tu unavaa siku chache. Kasoro yake inataka mtu mvumilivu, wapo waliozichukua wakavaa siku mbili na leo zimo kwenye droo.

Sasa turudi kwenye jino lako. Ulipoanguka pembea, ndani ya jino mishipa midogo ya damu ilipasuka, damu ikaingia kwenye vijitundu vya dentini, ikakaa, ikavunjika, na madini ya chuma ndani ya damu ndiyo yanayoleta ule ukijivu. Mara nyingi mshipa wenyewe hufa pole pole. Haliumi kwa sababu aliye kufa haumii, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Jino lililokufa linaweza kukaa miaka kimya huku bakteria wanatengeneza kiota kwenye ncha ya mzizi, hujui, mpaka siku moja unaamka mdomo umevimba, na kwa bahati mbaya siku hizo hupenda kuwa siku za shughuli. Kwa hivyo hili linataka eksirei na kupimwa kama mshipa una uhai. Sio kesi ya kutazama picha kwenye simu, usinitumie, siwezi kusema kitu.

Likiwa limekufa, linasafishwa mzizi na kuzibwa ndani, kile watu wanaita rutikanali, na hofu yake ni kubwa kuliko maumivu yake, hasa jino ambalo limeshakufa. Baada ya hapo lina njia yake ya kung'arishwa, kutokea ndani. Daktari anaweka kizuizi juu ya mzizi ili dawa isishuke, anatia dawa ndani ya jino, anaziba kwa muda, unaenda zako nyumbani nayo. Baada ya siku kadhaa ama wiki unarudi anaangalia, anabadilisha, kawaida mara moja mpaka nne rangi inakuja. Kile kizuizi usikione kidogo, dawa kali ikishuka kwenye shingo ya jino miaka ikipita mzizi unaweza kuliwa. Muulize daktari wako kama anakiweka, akikasirika kwa swali hilo tafuta mwingine. Na wakati mwingine rangi haiji yote, hilo nakwambia mapema. Ikikataa ndipo mtu anafikiria kulivisha jino ganda la nje, lakini hilo linataka kulichonga jino na jino lililochongwa halirudi, kwa hivyo huwa naliweka la mwisho kabisa. Ikitokea kliniki inakwambia siku ya kwanza tuchonge meno sita ya mbele yote tuvishe, na wewe una miaka 26 na meno mazima, chukua mkoba wako.

La pili lake lililozibwa nalo lina hesabu yake. Kiraka cha jino hakisikii peroksaidi, jino litapanda weupe na kiraka kitabaki rangi ya zamani. Hili nilijifunza vibaya. Miaka ya mwanzo ya kazi nilimfanyia bibi harusi mmoja, alhamisi taa, jumamosi harusi, sikuangalia vizuri kuwa meno mawili ya mbele yana viraka vidogo pembeni. Jumapili nikaletewa picha. Hakunitukana, na ingekuwa afadhali angenitukana. Kiraka kinabadilishwa baada ya kung'arisha, na si siku hiyo hiyo, tunangoja kama wiki 2, manake oksijeni iliyobaki ndani ya jino inazuia kiraka kipya kushika vizuri, na pia rangi inahitaji kutulia ndipo tujue tunafananisha na nini.

Ukizijumlisha siku zako utaona kwa nini nasema uanze wiki hii, usingoje vunja jungu ipite. Leo tuko kama wiki 2 kabla ya Ramadhani, harusi iko wiki 2 ndani ya mfungo mosi, una wiki 8 hivi mkononi, zatosha lakini hazina za kuchezea. Kabla ya Ramadhani, eksirei na kuoshwa meno, fizi zikipata siku za kupona, na rutikanali ianze kama inahitajika. Ramadhani yenyewe trei zinavaliwa usiku, ukitoka tarawehe unapiga mswaki unavaa masaa mawili unavua kabla ya daku, hakuna jeli mdomoni mchana na hakuna wa kukuuliza funga yako. Lile la kijivu linafanyiwa ndani wakati huo huo ili yaende pamoja. Malizeni karibu na kumi la mwisho, acheni wiki 2 zipite, halafu kiraka kipya baada ya Idd. Kama pesa haitoshi vyote, acha weupe wa meno yote, fanya jino la kijivu na kuoshwa. Hata hospitali ya umma utaoshwa meno na afisa wa afya ya kinywa, na Coast General kuna idara ya meno, foleni ni foleni lakini kazi ni ile ile.

Anayekutia kemikali mdomoni awe amesajiliwa na KMPDC, lile baraza la Kenya linalosajili madaktari na madaktari wa meno, jina lake unaweza kulitafuta kwenye rejista yao mtandaoni dakika mbili tu. Nasema hivi kwa sababu nilishapokea msichana kutoka saluni, alikwenda kuweka kope akaambiwa na meno pia twafanya, fizi zilikuwa nyeupe kama zimemwagiwa maji moto. Zilipona, siku kadhaa za uji. Ukijikuta una mimba ama unanyonyesha, kung'arisha meno kokote kusubiri, hakuna haraka hiyo. Na katikati ya yote haya, ukiona kipele kwenye ufizi juu ya lile jino la kijivu kinachotoa usaha, ama likaanza kuuma ukiuma chakula, nenda kwa daktari siku hiyo. Uvimbe ukipanda kuelekea jichoni, ama ukashuka chini ya taya ukapata shida kumeza au kupumua, ama homa ikaingia, hiyo si ya kungoja asubuhi wala si ya kubandika karafuu, ni kukimbilia hospitali kwenye dharura, hata kama ni saa nane za usiku.

Kahawa sasa. Zile wiki 2 au 3 za trei ipunguze, na ukinywa iwe mapema baada ya futari, sio ukishavua trei, masaa yale ya mwanzo jino linashika rangi kirahisi. Sukutua maji ukimaliza kikombe. Biriani la manjano na mabuyu yaingize kwenye hesabu hiyo hiyo. Kuiacha kabisa sikwambii, mimi mwenyewe naandika haya kikombe cha tatu kiko hapa pembeni. Na ukienda kwa daktari ichukue ile seti kama shogako ameshakununulia, aisome imeandikwa nini ndani yake kabla hujaifungua.